Binti ana sonona na hataki kutoka ndani? Namna ya kumuanzishia mazoezi bila kugombana nae

Huu mwongozo ni wa mama, shangazi, dada mkubwa, matroni wa bweni, yeyote mwenye binti wa miaka 13 mpaka 18 hivi ambae zamani alikua anacheka mpaka nyumba ya pili wanasikia, alafu sikuizi akitoka shule ni moja kwa moja kitandani, simu usoni, chakula anakidonoadonoa, ukimuuliza una nini anakwambia "sina kitu". Mi nafundisha michezo sekondari, sio daktari, kwaio ya daktari ntakuelekeza kwa daktari. Ila hili la kumtoa mtoto ndani mwili ukatembea ndo shughuli yangu, na naona wazazi wengi wanalianza kwa amri: "Hebu amka huko ukafanye mazoezi, kulala tu kutwa!" Alafu wanashangaa mlango umefungwa kwa funguo.

Kabla ya hatua yoyote uelewe kitu kimoja, maana kila ntachosema huko chini kinakaa juu ya hiki. Sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito (depression), ndo inaiba hamu ya kusogea. Sio uvivu. Kuna utafiti wa Marekani ulichapishwa 2010, walifuatilia wasichana 496 kwa miaka 6, na walichokuta ni kwamba mambo yanaenda pande zote mbili: msichana anaejishughulisha mwili anapunguza uwezekano wa kupata sonona huko mbele, na msichana aliyeshapata dalili za sonona anapunguza kujishughulisha. Unaona mtego ulivyo? Anaumwa, anaacha kucheza, kuacha kucheza kunamuumiza zaidi. Kwaio ukimsubiri mpaka ajisikie ndo atoke utasubiri sana, na ukimburuza kwa nguvu unamuongezea sababu ya kujiona hafai. Njia iko katikati hapo, ndogo, na inahitaji uvumilivu wako zaidi kuliko wake.

Na kwanini nasema binti, si mtoto yeyote tu? Kwa sababu baada ya balehe sonona inawapata wasichana karibu mara mbili ya wavulana, na ni umri uleule ambao wasichana wanaacha michezo. Hesabu za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2016 zilionyesha wasichana 85 katika kila 100 wa miaka 11 hadi 17 hawafikishi kiwango cha kusogea kinachotakiwa, wavulana ni 78, yaani wote hali mbaya ila wa kike zaidi. Huku kwetu unaliona kwa macho, darasa la tano wote wanacheza rede mpaka giza, akifika kidato cha pili yuko chini ya mwembe kashikilia sweta kiunoni anaangalia wenzake. Matiti yametoka, hedhi imeanza, maneno ya watu yameanza, na nyumbani kazi zimeongezeka.

HATUA YA 1: Jua kwanza unapambana na nini

Huzuni ya siku mbili tatu kwa kuachwa na rafiki au kufeli mtihani ni ya kawaida, inapita. Cha kuangalia ni hali inayokaa wiki 2 au zaidi, karibu kila siku: huzuni au hasira za ovyo (kwa vijana mara nyingi inatoka kama hasira na kununa, sio machozi), vitu alivyokua anavipenda havina ladha tena, usingizi umezidi au umekata, kula kumebadilika, hawezi kutuliza akili darasani, anajilaumu, anachoka bila kufanya kazi.

Hilo la kuchoka lisikupite. Mpeleke wakampime wingi wa damu. Wasichana wengi wa umri huu wanaishiwa damu kwa sababu ya hedhi nzito na chakula kisicho na madini ya chuma, na mtu mwenye damu pungufu anachoka, anahema akipanda ngazi, kichwa kinauma, hana hamu na chochote, ukimuangalia unasema ni sonona na kumbe ni damu, au ni vyote viwili. Kwa binti wa umri huo ambae si mjamzito damu inatakiwa ifike 12 kwenda juu. Ikiwa chini, atibiwe kwanza, sio unamkimbiza uwanjani na damu 8. Pia kama ana pumu, seli mundu, au alishawahi kuzimia akikimbia, uliza daktari mazoezi gani anaruhusiwa. Wa seli mundu hasa, maji mengi na asijichoshe kupitiliza, wala asicheze kwenye baridi au jua kali.

Sasa hili halisubiri hatua nyingine yoyote. Kama anasema bora afe, anagawa vitu vyake, anajikatakata, ameandika maneno ya kuaga, weka mwongozo huu pembeni. Usimuache peke yake, toa dawa na sumu ya panya ndani ya nyumba, mpeleke hospitali leo. Namba 116 ni ya bure kwa mambo ya watoto, Tanzania na Kenya. Na usiogope kumuuliza wazi "unawaza kujiua?", kumuuliza hakumpandikizii wazo.

Na ujiulize kama kuna kitu kimemtokea. Binti aliyebadilika ghafla anaweza kuwa ametendewa kitu na mtu, tena mtu wa karibu. Mazoezi hayatibu hilo. Kama ndo hivyo, kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwenye vituo vya polisi, na hospitali wahi mapema maana kuna dawa za kuzuia maambukizi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72.

HATUA YA 2: Mtoe nje bila kutaja neno mazoezi

Nakupa mfano wa maneno yenyewe, maana hapa ndo watu wanakwama.

Saa kumi na moja jioni. Yuko kitandani na sare bado. Usisimame mlangoni ukaanza kuhutubia. Ingia, kaa kidogo, alafu:

"Mwanangu, naenda kwa Mangi kuchukua unga, nisindikize."

"Mama mi nimechoka."

"Najua mama. Twende hivyohivyo na uchovu wako, hatukai. Vaa dera tu."

Akikataa, unasema "haya, kesho basi" na unaenda mwenyewe, hamna kununa, hamna "ndo maana unaumwaumwa". Kesho unarudia. Siku atakayokubali, njia ya kwenda iwe fupi na ya kurudi izungukie kule nyuma kwa shule, na usimhoji. Mkitembea wote mnaangalia mbele, na mtoto ambae mezani ukimkazia macho hasemi kitu, njiani anaweza kutoa neno lenyewe bila kuulizwa. Likitoka, sikiliza. Usikimbilie "muombe Mungu tu" au "sisi zamani tulipitia makubwa". Kuomba mtaomba, ila msikilize kwanza amalize.

Na kutembea huko kwa ndala kwenda dukani kunahesabika kabisa, usidharau. Uingereza kuna watoto zaidi ya 4,000 walivalishwa vifaa vya kupima mwendo wakiwa na miaka 12, 14 na 16, alafu wakapimwa dalili za sonona wakiwa na 18. Waliokua wanakaa zaidi ndo walikua na dalili zaidi, na kila saa moja zaidi kwa siku ya kusogea kwa wepesi tu, kutembea taratibu na vishughuli vidogovidogo, wakiwa na miaka 12, iliendana na alama za sonona pungufu kwa karibu asilimia 10 walipofika 18. Sio mbio za marathoni hizo.

HATUA YA 3: Futa adhabu na futa unene

Hapa ntakaa kidogo maana panaharibu kila kitu.

Watoto wetu wengi mazoezi wameyajua kama adhabu. Umechelewa namba, ruka kichurachura. Umeongea Kiswahili kwenye shule ya kiingereza, zunguka uwanja mara kumi. Push-up kwa kelele za darasani. Alafu mtoto huyohuyo akiwa na miaka 15 unamwambia mazoezi ni raha, ataelewa wapi? Kwaio walimu wenzangu, tafadhali, tuache kutumia uwanja kuadhibu, na wazazi msiseme "usipoosha vyombo utaruka kamba". Kamba isiwe fimbo.

La pili ni mwili. Usimwambie binti mwenye sonona atembee "apunguze hiko kitambi", usimlinganishe na mtoto wa dada yako, na mashangazi wanaokuja harusini wakasema "heee umenenepa" uwakatize hapohapo kwa heshima zote. Ukifunga mazoezi na unene, siku asipopungua ataacha, na siku akipungua anaweza kuanza kujinyima chakula ili apungue zaidi. Wewe unataka alale, acheke, arudie hamu. Kilo hazipo kwenye mazungumzo haya kabisa, ata kwa utani.

HATUA YA 4: Achague yeye, na kiwe mchezo

Swali zuri la kumuuliza ni "ulivyokua darasa la nne mlikua mnacheza nini?" Akitabasamu tu hapo umepata. Rede, kuruka kamba, blada kwa wa Kenya, kombolela, netiboli, mpira wa miguu na kaka zake. Wengi wanajua ishu ya netiboli ya shule na UMISSETA, yale mashindano ya shule za sekondari Tanzania, wakadhani kama hauko kwenye timu basi michezo haikuhusu. Hapana. Anaeumwa sonona timu ya ushindani inaweza isimfae mwanzoni, kelele nyingi, kukosea mbele za watu.

Rede ndo naipenda kuliko zote kwa ajili ya hili. Mpira ni soksi kuukuu iliyojazwa makaratasi na vitambaa, inafungwa fundo, imeisha. Wawili wanasimama huku na huku wanarusha, wa katikati anakwepa huku anajaza mchanga kwenye chupa. Anainama, anachota, anaruka, anageuka, anapiga kelele, dakika tano tu anahema na jasho linamtoka na wala hajajua kama amefanya mazoezi. Sasa binti mgumu atakwambia "mi ntaangalia tu". Mwache aangalie. Ila mpe kazi ya kuokota mpira ukienda mbali, au ya kuamua nani katoka, na mabishano ya rede mnayajua wenyewe, hawezi kukaa kimya. Mchezo wa tatu au wa nne kuna mtu ataitwa na mama yake akatumwe, nafasi inabaki wazi, hapo usimwambie kitu, wenzie watamvuta wenyewe.

Asiyetaka watu kabisa, chumbani kwake pia ni uwanja. Mlango ufungwe, singeli mbili mfululizo, acheze anavyojua, hamna wa kumuangalia na wala usimrekodi vidio ukaweka status, nakuomba. Singeli ilivyo na mwendo kasi, mbili tu zinamtosha kwa kuanzia. Kama hapendi singeli basi taarabu, kwaito, amapiano, kaswida na dufu, chochote kinachomfanya anyanyuke.

Baiskeli kama ipo. Kuogelea kwa wa pwani kama anajua na kuna mtu mzima anaejua. Jimu sioni haja, hela nyingi na mle ndani vioo kila upande, binti anaejichukia mwili wake unampeleka kwenye vioo vya nini.

Na akichagua mpira wa miguu usimkatalie eti wa kiume. Serengeti Girls mwaka 2022 walienda India kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 wakaifunga Ufaransa na wakafika robo fainali. Kilifi kule Kenya kuna Moving the Goalposts wanachezesha wasichana mpira tangu 2001. Hijabu nayo FIFA waliiruhusu rasmi tangu 2014, kwaio hicho si kisingizio.

HATUA YA 5: Dakika 10, siku 3, muda uleule

Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa vijana ni wastani wa dakika 60 kwa siku. Usimtajie. Kwa mtu ambae kuoga tu ni mlima, ukimwambia saa nzima kila siku umemfungia mlango. Anza dakika 10, mara 3 kwa wiki, kwa wiki mbili. Alafu 15 mpaka 20. Kuanzia wiki ya tano hivi ifike nusu saa, mara 3 kwa wiki, na hapo akiongeza mwenyewe freshi. Hiyo mara 3 sijaitoa hewani, uchambuzi mmoja wa 2023 uliokusanya tafiti 21 zenye watoto na vijana zaidi ya 2,400 ulionyesha mazoezi yanapunguza dalili za sonona na mara 3 kwa wiki ilikaa vizuri.

Ukali wake ukoje? Awe anaweza kuongea ila hawezi kuimba. Akiweza kuimba wimbo mzima ni mwepesi (sawa kwa wiki za mwanzo), akishindwa ata kuongea apunguze.

Muda ufungwe kwenye kitu ambacho kipo tayari. Akishavua sare, kabla hajakalia kitanda. Nasisitiza hapo, akishakalia kitanda na simu mkononi umempoteza mpaka usiku. Au baada ya swala ya alasiri, au asubuhi kabla jua halijawa kali kama ni likizo. Asubuhi ina faida ya ziada, mwanga wa jua unasaidia mwili kujua saa za kulala usiku, na usingizi ukikaa sawa nusu ya kazi imeenda. Simu usimnyang'anye, mnaanzisha vita isiyo na maana, mwambie aweke tu muziki akaiache mfukoni.

Na asiwe peke yake mwanzoni. Mtu mmoja anatosha, binamu, rafiki wa tuisheni, wewe mwenyewe. Siku asipotokea, yule mtu aje mpaka mlangoni amgongee, "nakusubiri hapa nje, hata tukae tu barazani". Mara nyingi wakishakaa barazani wataishia kutembea.

Vitu vidogo vinavyomkwamisha ambavyo hatakwambia

Sidiria. Kama matiti yanaruka na yanauma hatokimbia, na wavulana wakicheka mara moja hatorudi. Nunua inayobana vizuri, za mtumba zipo nzuri tu na bei rahisi, au avae mbili kwa pamoja.

Hedhi. Hamna ubaya kucheza akiwa kwenye siku zake, wengi maumivu ya tumbo yanapungua kabisa, ila anaogopa kuchafuka. Pedi ziwepo za kutosha, taiti nyeusi ndani, na choo cha kubadilishia kiwe karibu. Siku akisema leo hapana, ni hapana.

Nguo. Bukta sio lazima. Suruali ya trakisuti na tisheti pana, au dera na taiti ndani, mtandio umefungwa vizuri usimdondokee. Raba zikikosekana pekupeku kwenye mchanga, ila angalia vigae na misumari.

Usalama. Njia ya kutembea isipite kijiwe cha bodaboda wanaoita "mrembo njoo", warudi kabla giza halijaingia, wawe wawili. Na kocha au mwalimu anaewafundisha mjue ni nani, mazoezi yawe sehemu ya wazi, hamna cha "mazoezi binafsi" mtoto na mwanaume mzima kwenye chumba. Nalisema hili na mimi ni mwalimu.

"Lakini mbona anafanya kazi za nyumbani kutwa?"

Hili swali naulizwa sana, hasa na wa mama wa kijijini, mtoto anachota maji ndoo ishirini, anatwanga, anafua, anabeba mdogo wake mgongoni, mazoezi gani tena? Ni kweli mwili unafanya kazi, kuliko wa mjini anaeshushwa na basi la shule getini. Ila tafiti zinazolinganisha aina za shughuli zinaonyesha ile ya kujichagulia, ya kucheza na kutembea, ndo inaenda pamoja na akili kuwa njema, kazi za ndani haionekani hivyo. Na ukifikiria ina maana. Kuchota maji hamna alichochagua, hamna kicheko, na asipochota anasemwa.

Kwaio kwa binti wa namna hii hatua yako sio kumuongezea shughuli, ni kumpunguzia. Toa kazi moja, mpe kaka yake. Ndio, kaka yake, ana mikono. Kufua sare zake mwenyewe hakumpunguzii uanaume. Ile nusu saa iliyopatikana iwe ya binti, na kama siku ya kwanza ataitumia kulala, mwache alale.

HATUA YA 6: Pima, ila kwa daftari

Achukue daftari dogo, kabla ya kutoka aandike mudi yake kwa namba 0 mpaka 10, akirudi aandike tena. Basi. Sonona inamwambia mtu "haikusaidii chochote", na kichwa kikiwa kwenye hali hiyo kinasahau kabisa kama juzi alirudi amechangamka. Kwenye daftari anaona 3 ikawa 5, 2 ikawa 4, siku nyingine 4 ikabaki 4. Daftari ni lake, usilisome mpaka akuonyeshe. Usitegemee makubwa wiki ya kwanza, kinachobadilika mapema ni usingizi na hamu ya kula, mudi ya jumla inachukua wiki kadhaa.

Akiruka siku, usihesabu. Akiruka wiki, rudi dakika 10. Usirudi pale alipoishia.

Lini mazoezi yenyewe yanakua tatizo

Kama anafanya kwa siri usiku, anakasirika akikosa, anaruka milo, anatapika akishakula, anajipima kilo kila saa, au hedhi imekata miezi mitatu na si mjamzito, simamisha na umpeleke hospitali. Hili linawapata ata mabinti wa huku, tusidanganyane kwamba ni la wazungu, mitandao ni hiyohiyo wanayoangalia wote.

Lini uende hospitali bila kusubiri mazoezi yafanye kazi

Kama haendi shule tena, hali chakula, haogi, anasikia sauti, au umejaribu haya yote wiki nne mpaka sita na hamna kilichosogea. Anza kituo cha afya au hospitali ya wilaya, uliza kitengo cha afya ya akili, watakupa rufaa ikibidi, iwe Muhimbili, Mirembe kule Dodoma, au Mathari kwa wa Nairobi. Kwenda huko sio ukichaa, jamani. Matibabu yake ni kuongea na mtaalamu, na wengine wanapewa dawa. Kama ameshaanza dawa, asiache eti kwa sababu sasa anakimbia na anajisikia vizuri, na asiache kukimbia kwa sababu ana dawa. Dawa nyingi za sonona zinachukua wiki kadhaa kuonyesha kazi yake, na wiki za mwanzo umwangalie kwa karibu zaidi, akizidi kuhangaika au kuongelea kifo rudi kwa daktari siku hiyohiyo. Na wanaompeleka kwenye maombi au kwa sheikh kusomewa, nendeni, ila kadi ya kliniki iwe mfukoni.

Vipindi vinavyovuruga ratiba

Mwezi wa Ramadhani: kama amefunga, kutembea taratibu nusu saa kabla ya futari au baada ya tarawehe, rede yenye jua la saa tisa hapana.

Mvua za masika: ndani, singeli, au kupanda na kushuka ngazi kama mnakaa ghorofani. Barazani kamba inarukika kama paa liko juu.

Bweni: ongea na matroni, kwa faragha, umueleze kuna shida bila kumwaga siri zote za mtoto, na uombe vitu viwili tu: kipindi cha michezo asikitumie kufagia ofisi za walimu, na apangiwe na rafiki yake mmoja. Mchakamchaka wa alfajiri wengi wanauchukia kwa sababu ya fimbo ya nyuma, ila ukiwa wa kuimba na wa mwisho hachapwi, nimeona mabinti wakimya kabisa wanaanza kuitikia wimbo kabla hawajaanza kuongea na mtu.

Mitihani: hapa ndo wazazi mnakosea, kidato cha nne ikikaribia Novemba mnakata kila kitu, "michezo baadae, soma kwanza". Kwa binti aliyetoka kwenye sonona juzi ndo kipindi cha hatari kuliko vyote, stresi juu, usingizi chini. Punguza ukitaka, mara 3 iwe mara 2, nusu saa iwe dakika 10 za kuzunguka nyumba kati ya hesabu na baiolojia, ila isifike sifuri. Na ratiba ya kusoma akiiandika ukutani, hizo dakika 10 ziandikwe humohumo, kwa kalamu ileile.